Jeni za Virusi kama Kinga ya Seli za Insulini: Ufafanuzi wa Hoja, Ushahidi na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Kilwa Kisiwani

Ikisiri

Makala hii inafafanua wazo la kitabibu ambalo limefanyiwa majaribio tangu miaka ya 1990: kuchukua jeni ambazo virusi huzitumia kujificha dhidi ya mfumo wa kinga, na kuziweka katika seli zinazotengeneza insulini ili seli hizo zisiangamizwe na kinga ya mwili wenyewe. Makala inajibu maswali matatu. Kwanza, jeni hizo hufanya kazi gani? Pili, ushahidi uliopo una uzito kiasi gani? Tatu, wazo hili linamhusu vipi mtoto mwenye kisukari katika pwani ya Kilwa na Lindi? Inabainishwa kuwa ushahidi kutoka kwa panya ni thabiti, kwamba njia ya kuufikisha kwa binadamu imepitia upandikizaji zaidi kuliko uzuiaji, na kwamba matokeo ya utafiti wa mwaka 2025 barani Afrika yanatulazimu kuuliza upya kisukari cha vijana wetu ni cha aina gani kabla ya kukitafutia ngao.

Istilahi muhimu: kisukari aina ya kwanza, seli beta, kinga ya mwili, adenovirusi, upandikizaji, Kilwa

1. Utangulizi

Anayetaka kufika Kilwa Kisiwani hupanda mashua Kilwa Masoko na kuvuka mlango wa bahari. Safari ni fupi kwa mgeni anayekwenda kuyaona magofu ya Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Kwa mzazi ambaye mwanawe anaishi kwa sindano ya insulini, uvukaji huo ni kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu. Hospitali ya wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Lindi, na huduma za kibingwa ziko Dar es Salaam, takribani kilomita 300 kutoka Masoko. Dawa inayopita katika mnyororo huo hupendelea baridi, ilhali pwani ni ya joto. Insulini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu toleo la kwanza la mwaka 1977, lakini kuwamo katika orodha na kuwamo katika mtungi wa nyumbani ni mambo mawili tofauti.

Ni katika muktadha huu ambapo swali la makala linapata uzito. Endapo seli za insulini zingeweza kulindwa zisife, au zingeweza kupandikizwa upya zikaishi bila kushambuliwa, mnyororo huo wote ungefupishwa. Swali si la anasa ya maabara. Hata hivyo, ahadi kubwa ndiyo inayohitaji uchunguzi mkali zaidi, na makala hii inajaribu kuufanya kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa na mtahini wa sayansi na pia mtahini wa lugha.

Tanbihi moja ya istilahi ni ya lazima. Neno *kingamwili* limetumika katika maandishi ya Kiswahili kwa maana mbili: protini mahususi zinazozunguka katika damu, na mfumo mzima unaoulinda mwili. Mkanganyiko huo ungeiharibu hoja ya sehemu ya sita. Kwa hiyo, hapa *kingamwili* ni zile protini tu, na mfumo mzima unaitwa *kinga ya mwili* au *mfumo wa kinga*.

2. Ugonjwa: walinzi wanapowageukia wakaazi

Ndani ya kongosho la mtu mzima mmetawanyika vikundi vya seli vipatavyo milioni moja. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa mwanafunzi mjini Berlin, na vikaja kuitwa visiwa vya Langerhans. Seli beta zilizomo humo hupima sukari katika damu na kutoa insulini kwa kadiri inayohitajika. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walionesha kuwa mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walipata insulini mjini Toronto, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Tangu hapo kisukari cha utotoni kiliacha kuwa hukumu ya kifo mahali popote insulini ilipofika. Hakikuacha kuwa hukumu hiyo mahali isipofika.

Katika kisukari aina ya kwanza cha kawaida, seli beta huuawa na kinga ya mwili yenyewe. Mwaka 1974 Gian Franco Bottazzo na wenzake walionesha kuwa damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili zinazonasa kwenye visiwa vya kongosho. Kingamwili hizo ni ishara ya ugonjwa. Wauaji wakuu ni seli T. Kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo haijapata mfano wa kibayolojia ulio sahihi zaidi ya huu.

Ili kuelewa ngao inayopendekezwa, ni sharti kuelewa namna mauaji yanavyotendeka. Karibu kila seli ya mwili huonesha juu ya utando wake vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake. Vipande hivyo hubebwa na molekuli ziitwazo HLA daraja la kwanza. Ni kama mkaazi wa kisiwa anayetakiwa kuonesha alichobeba kila apitapo mlinzi. Seli T ya uuaji ikikiona kipande inachokitambua kuwa cha adui, huiua seli hiyo kwa njia zaidi ya moja. Huweza kuitoboa na kuiingizia vimeng'enya vya uharibifu. Huweza kukigusa kipokezi kiitwacho Fas na kuiamuru seli ijiue kwa utaratibu uliopangwa. Aidha, kemikali za uvimbe, hususan TNF, huchangia amri hiyo ya kifo. Katika kisukari aina ya kwanza, kipande kinachotuhumiwa ni cha seli beta yenyewe, na mara nyingi ni sehemu ya insulini au ya protini zinazoandamana nayo.

3. Hila za virusi

Virusi hukabiliana na mlinzi huyo huyo kila siku. Kirusi kilichoingia ndani ya seli kinahitaji seli hiyo iendelee kuishi hadi kimalize kuzaliana. Virusi havitumii mkakati mmoja. Chikungunya, ambayo ilielezwa kitabibu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde na ambayo jina lake ni la Kimakonde, huzaliana kwa kasi na kuleta homa kali kabla kinga haijajipanga. Virusi vingine huchagua kukaa kimya kwa muda mrefu, na hivi ndivyo vilivyolazimika kubuni hila za kujificha. Makundi matatu yanahusika na mada yetu.

*Adenovirusi.* Kundi hili liligunduliwa mwaka 1953 katika tezi za nyuma ya pua za watoto, ambamo huweza kubaki kwa muda mrefu. Sehemu ya jeni zake iitwayo E3 haihitajiki ili kirusi kikue katika chupa ya maabara. Kazi yake ni kukabiliana na kinga. Protini moja ya E3, gp19K, huzishika molekuli za HLA daraja la kwanza ndani ya seli zisifike kwenye utando. Mlinzi akija, hana cha kukagua. Protini nyingine mbili, 10.4K na 14.5K, huungana na kukiondoa kipokezi cha Fas kwenye utando, hivyo amri ya kujiua haina pa kupokelewa. Ya nne, 14.7K, huzuia kifo kinachochochewa na TNF.

*Sitomegalovirusi ya binadamu.* Protini zake US2 na US11 huzisukuma molekuli za HLA nje ya njia yake ya kawaida na kusababisha zivunjwevunjwe.

*Virusi vya Epstein-Barr.* Historia ya virusi hivi ni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1961 Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi hicho katika seli zilizotoka kwa wagonjwa wa Uganda. Mwaka 1990 ilibainika kuwa jeni yake moja, BCRF1, hutengeneza protini inayofanana mno na interlukini-10 ya binadamu, ambayo ni kemikali ya kutuliza kinga. Kirusi kilikuwa kimeichukua lugha ya mwenyeji ili kumtuliza mlinzi kwa maneno yake mwenyewe.

Hapa ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya. Kutumia *kirusi kama chombo* ni kukitumia kubeba jeni nyingine hadi ndani ya seli. Chanjo ya Janssen, iliyozinduliwa Tanzania Julai 2021, ilibebwa na adenovirusi ya namna hiyo, na sehemu yake ya E3 ilikuwa imeondolewa. Kutumia *jeni ya kirusi kama ngao* ni jambo tofauti: kirusi chenyewe hakipo, na kinachobaki ni jeni moja au chache zinazofanya kazi ndani ya seli ya mwili. Makala hii inahusu hili la pili.

4. Ushahidi kutoka kwa panya

Jaribio la msingi lilichapishwa mwaka 1995 na Shimon Efrat, Marshall Horwitz na wenzao wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York. Walizalisha panya ambao seli beta zao zilikuwa na jeni za E3 zikiongozwa na swichi ya jeni ya insulini, ili zisifanye kazi kwingineko mwilini. Visiwa vya panya hao vilipopandikizwa katika panya wa ukoo tofauti, viliishi zaidi ya siku 90. Visiwa visivyo na jeni hizo vilikataliwa ndani ya takribani wiki nne. Hapo ilithibitika kuwa ngao inafanya kazi dhidi ya ukataaji wa kiungo kigeni.

Ukataaji wa kiungo si ugonjwa wa kinga kujishambulia. Kwa hiyo, mwaka 1997 kundi hilo, likishirikiana na Matthias von Herrath na Michael Oldstone wa California, lilitumia panya ambao seli beta zao hubeba protini ya kirusi kiitwacho LCMV. Panya hao huishi salama hadi waambukizwe LCMV. Kinga yao inapokishambulia kirusi, huzishambulia pia seli beta, na kisukari hufuata. Panya waliokuwa pia na jeni za E3 katika seli beta walikingwa.

Bado kulikuwa na pingamizi: ugonjwa huo ulianzishwa na mtafiti. Panya wa NOD, waliopatikana Japani na kuelezwa mwaka 1980, huugua kisukari wenyewe bila kuchokozwa, na ndio wanaokaribia zaidi ugonjwa wa binadamu. Mwaka 2001 Efrat, David Serreze na wenzao walionesha kuwa E3 hupunguza idadi ya panya wa NOD wanaougua. Mwaka 2003 walizitenganisha jeni hizo. Panya waliobakiwa na jeni za kuzuia kifo pekee, yaani 10.4K, 14.5K na 14.7K, waliendelea kunufaika. Panya ambao jeni hizo zilivurugwa na kubakiwa na gp19K hawakunufaika.

Matokeo hayo ya 2003 yanastahili kutafakariwa. Mtu angetarajia kuwa kuificha HLA kungetosha, kwa kuwa mlinzi asiyeona hawezi kushambulia. Kumbe katika ugonjwa huu kuiwezesha seli ikatae amri ya kifo kulikuwa na nguvu zaidi kuliko kuificha.

Somo la pili linatokana na interlukini-10. Mwaka 1994 ilioneshwa kuwa panya wa NOD ambao seli zao za visiwa zilitengeneza interlukini-10 papo hapo waliugua *mapema zaidi*. Mwaka 2002 watafiti wengine walionesha kuwa jeni ya interlukini-10 ya kirusi, ilipoingizwa mwilini ili protini yake isambae kwa njia ya damu, ilipunguza ugonjwa katika panya wa ukoo huo huo. Dawa ya moto ni moto, lakini mahali moto unapowashwa ndipo panapoamua kama utazima au utaunguza.

5. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu

Vikwazo vinne vinasimama kati ya majaribio hayo na wodi ya watoto.

Kwanza, panya wa Efrat walizaliwa na jeni hizo. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa hana njia salama ya kuzipokea katika visiwa milioni moja vilivyozama ndani ya kongosho. Pili, wakati ugonjwa unapotambuliwa, sehemu kubwa ya seli beta huwa imekwisha kufa. Ngao haimfufui aliyekufa. Tatu, seli isiyoonesha HLA huepuka seli T lakini huamsha seli za uuaji asilia, ambazo hushambulia kila asiyeonesha alama. Virusi vilivyofanikiwa vilibuni hila ya ziada kwa ajili yao. Jeni moja iliyokopwa haitoshi. Nne, seli inayokataa kufa na isiyokaguliwa ni hatari ikiambukizwa au ikigeuka kuwa saratani.

Vikwazo hivi ndivyo vilivyouelekeza utafiti kwenye upandikizaji, kwa maana seli zinazopandikizwa zinaweza kurekebishwa na kuchunguzwa maabara kabla ya kuingizwa mwilini. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, waliripoti wagonjwa saba waliopandikizwa visiwa na kuacha kutumia insulini. Sharti lake lilikuwa dawa za kudumu za kushusha kinga. Katika nchi ambayo kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila siku, sharti hilo pekee linatosha kuizuia tiba.

Agosti 2025 madaktari wa Uppsala, Sweden, walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja aliyepandikizwa seli za visiwa katika msuli wa mkono bila dawa yoyote ya kushusha kinga. Seli hizo zilikuwa zimeondolewa jeni mbili, B2M na CIITA, ambazo bila hizo molekuli za HLA hazifiki kwenye utando, na zikaongezewa jeni ya CD47 inayozituliza seli za kinga ya asili. Baada ya wiki 12 seli zilizorekebishwa kikamilifu zilikuwa hai na zikitoa insulini. Kiasi kilikuwa kidogo kwa makusudi, na mgonjwa aliendelea kudungwa sindano.

Hakuna jeni ya kirusi katika seli hizo, lakini mantiki ni ile ile: kuondoa B2M kunafanya kazi ya gp19K, na CD47 inajibu kikwazo cha tatu hapo juu. Mwandishi anaona kuwa mchango mkubwa wa jeni za virusi umekuwa wa kufundisha zaidi ya kutumika. Kutumia jeni za binadamu kuna faida nyingine: protini ya kirusi ni ngeni, na yenyewe inaweza kuwa shabaha ya kinga. Hoja hii ina uzito katika Afrika, ambako watu wengi tayari wana kinga dhidi ya adenovirusi za kawaida. Kwa upande mwingine, somo la 2003 kuhusu kuzuia kifo cha seli halijajibiwa na marekebisho ya Uppsala, na hapo ndipo jeni za virusi zingali na la kusema.

6. Je, ngao hii ni ya nani?

Utafiti wa Swai, Lutale na McLarty, uliochapishwa mwaka 1993 baada ya ufuatiliaji wa miaka kumi Dar es Salaam, ulikuta wagonjwa wapya wasiofika 2 kwa mwaka kwa kila watoto na vijana 100,000. Kiwango hicho ni cha chini sana kikilinganishwa na cha Ulaya ya kaskazini. Maelezo mawili yamekuwa yakitolewa: ama ugonjwa ni nadra kweli, ama watoto hufa kabla ya kutambuliwa, wakidhaniwa kuwa na malaria au maambukizi mengine.

Mwaka 2025 yaliongezeka maelezo ya tatu. Utafiti uliofanywa Uganda, Kameruni na Afrika Kusini uliwapima vijana 894 waliokuwa wametambuliwa kliniki kuwa na kisukari aina ya kwanza. Takribani asilimia 65 hawakuwa na kingamwili dhidi ya visiwa, na mwelekeo wao wa kijeni kuhusu ugonjwa huo ulikuwa mdogo. Walikuwa na upungufu wa insulini wa kweli, lakini dalili za kinga kujishambulia hazikuonekana.

Matokeo hayo yanaigawa hoja yetu sehemu mbili. Ikiwa ngao inalenga *kuzuia* ugonjwa, itamfaa tu yule ambaye kinga yake ndiyo adui. Kwa wengine itakuwa ngome iliyojengwa upande ambao adui hatokei. Kauli hiyo inahusu pia teplizumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022 kuchelewesha kisukari aina ya kwanza, ambayo wanaostahili kuipata hutambuliwa kwa kingamwili. Ikiwa ngao inalenga *kulinda seli zilizopandikizwa*, hali inabadilika. Seli za mtu mwingine hukataliwa na kila mpokeaji, mwenye kingamwili dhidi ya visiwa na asiye nazo. Jaribio la 1995 lilikuwa la ukataaji wa namna hiyo hasa. Kwa hiyo, kwa kijana wa Afrika Mashariki asiye na kingamwili, matumaini ya wazo hili yako katika upandikizaji, mradi chanzo cha kufa kwa seli zake za asili kijulikane na kisiziue pia seli mpya.

Kutokana na hayo, hatua ya kwanza kwa mgonjwa wa Kilwa haihusu jeni. Ni kupimwa sukari kila mtoto mwenye kiu isiyoisha, mkojo mwingi na kukonda, kabla ya kuhitimishwa kuwa ni homa ya kawaida. Ya pili ni kipimo cha kingamwili katika ngazi ya rufaa, ili tujue tunapambana na ugonjwa gani. Ya tatu ni insulini inayofika ikiwa nzima. Katika hili kuna habari njema iliyotoka karibu nasi: uchunguzi uliofanywa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa chupa ya insulini iliyofunguliwa huweza kutumika kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu yake. Kwa nyumba isiyo na jokofu, matokeo hayo yana manufaa leo hii, ilhali ngao ya jeni ni ya kesho.

7. Hitimisho

Makala imeonesha kuwa jeni za E3 huzilinda seli beta za panya dhidi ya ukataaji na dhidi ya kisukari cha kinga kujishambulia, na kwamba sehemu muhimu ya ulinzi huo hutokana na kuzuia amri ya kifo zaidi ya kuficha alama. Imeonesha kuwa tiba ya binadamu imelichukua wazo hilo na kulitekeleza, hadi sasa, kwa jeni za binadamu na kwa mgonjwa mmoja. Imeonesha pia kuwa, kwa eneo letu, swali lililotangulia halijajibiwa: ni watoto wangapi wa pwani hii wanaouawa seli zao na kinga yao wenyewe? Utafiti wa Uganda umetoa sababu ya kuuliza swali hilo Tanzania bila kuazima jibu. Kupima kingamwili kwa watoto wanaohudhuria kliniki za kisukari za Lindi na Mtwara ni kazi inayowezekana kwa vifaa vilivyopo ulimwenguni, na ndiyo ambayo mwandishi anaipendekeza itangulie. Mwenye kujenga ngome huanza kwa kujua adui anatokea bahari ipi.